Muziki Unapokula Betri

Matatu za namba 58 kutoka Buruburu hupenda besi nzito na skrini. Zikingoja abiria injini imezimwa, mzigo wote huangukia betri. Mimi, fundi wa umeme wa magari hapa Umoja, huanza na mita. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imejaa na ikilala bila kazi, husoma takriban 12.6; ikisoma 12.0, karibu imekwisha. Injini ikinguruma, tarajia 13.8 hadi 14.4. Volti zisipofika hapo, kagua mkanda na altaneta kabla ya kununua betri mpya. Maji ya betri yakipungua, ongeza maji maalum yasiyo na chumvi, kamwe si ya mfereji. Kinachoniuma zaidi ni betri kuachwa imekwisha wiki nzima: salfeti huganda kwenye sahani za risasi, na chaja huenda isiiokoe tena.