Je, Spidomita ya Gari Lenu Husema Kweli?

Hapa Ihembe tukimpeleka mgonjwa hospitali, twauamini mshale wa spidomita. Lakini matairi yakiwa makubwa kuliko ya kiwandani, mshale husema 50, ambao ndio mwisho wa sheria penye makazi, kumbe gari lakwenda zaidi.

Lipimeni. Nje ya makazi, penye nguzo za kilometa, dereva ashikilie 60 bila kubadili. Abiria ahesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde, kama ile tupimiayo mapigo ya moyo. Nguzo hadi nguzo ziwe sekunde 60. Zikiwa 54, mwendo halisi ni karibu 67: mwoneni fundi.

Mithali 11:1 yakemea mizani ya uongo. Spidomita nayo ni mizani, na mbele yake watoto wetu huvuka barabara.