Maji safi kwanza, karai baadaye

Katika hoteli nyingi za Kisii na Nyamira, swali la kwanza la mteja si bei ya samaki. Anataka kujua ametoka wapi. Akiambiwa Homa Bay au Mbita, huko ziwani, ananawa mikono na kuketi. Akiambiwa ni wa kidimbwi cha hapa nyumbani, anaagiza nyama. Nilikuwa nikisaka samaki mtamu kuliko wote katika kaunti hizi mbili, na swali hilo likawa linanitangulia mezani kila nilikoenda. Wa nyumbani amekosa nini? Maji ya milima ya Kiabonyoru, huko Nyamira, huingia mto Gucha na kuishia Ziwa Victoria, kwa huyo huyo ngege, samaki wa ziwani anayesifiwa.

Jibu nililipata Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti hizi mbili umeupasua, kwa mama mwenye hoteli ndogo aliyeomba nisimtaje jina. Kwake lawama si ya kidimbwi, ni ya haraka. Samaki anavuliwa asubuhi, saa nne amekwisha pasuliwa, saa saba yuko mezani, na ladha ya tope bado imo mwilini. Yeye hamnunui mpaka mfugaji amemhamishia kwenye maji safi yanayopita na kumnyima chakula siku kadhaa. Hata akishaletewa, anafunua mashavu, ananusa, na asiporidhika anamrudisha.

Ladha ile si tope lenyewe. Ni jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa majini na udongoni, hiyo hiyo inayoupa udongo harufu mvua ya kwanza inaponyesha. Samaki huifyonza kupitia mashavu, nayo ikajificha kwenye mafuta yake. Ulimi na pua zetu huigundua hata ikiwa chembe tu. Katika maji safi samaki huitoa polepole, na kinachobaki kinavunjwa na asidi. Mama huyu hana habari na jina la kemikali hiyo, ila ndimu haikosekani jikoni mwake.

Nilisimama kando ya meko nikamtazama. Aliparua magamba kuanzia mkiani, akatoa matumbo kwa vidole ili nyongo isipasuke, akamchanja mara tatu kila ubavu mpaka kisu kikagusa mfupa. Chumvi na maji ya ndimu akavisugua ndani ya kila chale, taratibu, akisisitiza kwamba wapishi wengi hupaka ngozi tu na kuiacha nyama ya ndani ilivyo. Samaki alikaa mpaka akatoa maji yenye ukungu. Akamsuuza, akamfuta kwa kitambaa hadi akakauka kabisa, kwa sababu samaki mwenye maji huganda kwenye karai na kuchubuka. Mafuta aliyajaribu kwa kuchovya ncha ya mkia. Yalipochachamaa ndipo akamlaza. Baada ya hapo kitunguu, nyanya na dania, na samaki akarudishwa kwenye mchuzi kwa muda mfupi tu, ngozi isije ikalegea.

Huko Ensenada, pwani ya Mexico, samaki wa kukaanga hukunjwa ndani ya chapati nyembamba ya mahindi pamoja na kabichi, kisha akakamuliwa ndimu. Keroka ndimu hutangulia moto, na mkunjo ni wa ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga pembeni. Nilianza na nyama ya tumboni, kwenye mafuta, maana huko ndiko ladha ya tope hukimbilia. Ilikuwa tamu, safi, na haikuniachia chochote kooni. Sijala samaki bora kuliko yule katika kaunti zote mbili, wa ziwani wakiwemo.

Vidimbwi vyenyewe si vigeni. Mwaka 2009 serikali, katika mpango wa kufufua uchumi, iliazimia kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneobunge 140, kila kimoja mita 300 za mraba. Kegati, nje ya mji wa Kisii, kuna kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki. Utaalamu uko karibu kabisa na karai. Hata hivyo, samaki wa barafu kutoka China walijaa masoko ya Kenya hadi mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta akalizungumzia suala hilo hadharani.

Mama wa Keroka anaona kikwazo mahali pengine. Samaki asiyelishwa hupungua uzito, na mfugaji huuza kwa kilo. Nani atalipia siku zile za maji safi? Yeye humwongezea mfugaji wake kidogo juu ya bei ya soko, na mezani humuuza samaki huyo kwa bei ya ngege wa ziwani. Asili yake haitaji mpaka mteja amalize kula, jambo linalomuuma, kwani hapendi kuficha kazi anayojivunia. Wenye hoteli jirani wamekataa kulipa nyongeza hiyo. Mfugaji naye ana vidimbwi vingine, na samaki wa huko huenda sokoni moja kwa moja.