Gharama ya Mgonjwa Aliyerudishwa Nyumbani

Ndugu askari na polisi, ipo safari ambayo jamaa wengi wa Bujumbura waijua. Mgonjwa wa saratani aondolewa hospitalini Kamenge, matabibu wakisema hapana tena la kufanya, naye apandishwa teksi kurudi Buyenzi au Kinama auguzwe na watu wake. Wengi hudhani kwamba hapo gharama imekwisha. Sisi twaona ndipo inapoanza.

Tangu mwaka 1980 watumishi wa serikali wana mfuko wao wa bima ya ugonjwa, Mutuelle de la Fonction Publique. Na mwaka 1984 ikaanzishwa Carte d'Assurance Maladie kwa wananchi wengine. Ni mambo ya kushukuriwa. Lakini kadi huonyeshwa hospitalini na kwenye duka la dawa. Kwa muuza makaa haionyeshwi. Shuka zafuliwa kila siku, sabuni yaisha, maji yachotwa, uji watakiwa hata usiku wa manane. Na gharama iliyo kubwa kupita zote haina risiti: mke amefunga kibanda chake sokoni ili amgeuze mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, au binti ameachishwa shule. Mshahara wa askari aliye zamu mkoani waweza kufika nyumbani. Mikono yake haifiki.

Kisha kuna maumivu. Hapa Uganda imetutangulia. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Huko mofini ya unga huchanganywa na maji ikawa dawa ya kunywa, mgonjwa akaitumia kitandani mwake bila sindano. Mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa wakaruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa dawa hiyo. (Polisi wana haki ya kuichunguza mofini popote waionapo, lakini chupa iliyoandamana na karatasi ya daktari si magendo.)

Makambini kwetu, mwenzetu akifiwa, mfuko wa mchango hupitishwa siku ile ile: jeneza, turubai, vinywaji, na baadaye kuondoa matanga. Hatusemi desturi hiyo iachwe. Twauliza tu kwa nini mfuko hungoja kifo. Nusu ya mchango huo, ukitolewa mwezi mmoja kabla, ungemlipa mtu wa kufua na kuchota maji, na kibanda cha yule mama kingefunguliwa walau asubuhi.