Sura ya Tano: Safari ya Damu Kabla ya Mashine

Mtu akabidhiwapo karatasi ya majibu ya damu, yenye tarakimu zilizopigwa chapa bila doa, aghalabu huipokea kama hukumu ya kadhi isiyokatiwa rufani. Walakini wafanyao kazi katika maabara wanajua ya kuwa makosa mengi zaidi huingia kabla damu haijafika mashineni, na ya kuwa mashine, hata iwe bora namna gani, hupima kile tu ilicholetewa. Kwa hiyo tutaifuata damu tangu mkononi mwa mgonjwa, nasi tutaifuata katika nchi ya Embu, ambako baridi ya mashamba ya chai ya Kianjokoma na joto la Mbeere vimo ndani ya kaunti moja.

Jambo la kwanza ni hali ya mgonjwa mwenyewe. Aliyeambiwa afunge tangu usiku ili apimwe sukari au mafuta ya damu, kisha alfajiri akanywa kikombe cha chai ya maziwa kwa kudhani chai si chakula, ameyabadili majibu yake kabla hajaondoka nyumbani. Kadhalika mpira ufungwao mkononi haufai kukaa zaidi ya dakika moja, wala mgonjwa hafai kukunja na kukunjua ngumi mara kwa mara, kwa maana kitendo hicho huipandisha potasiamu. Na damu haichukuliwi katika mkono unaopitisha dripu, isije ikapimwa dripu badala ya damu.

Kisha huja vichupa, ambavyo rangi za vifuniko vyake si mapambo. Kile cha zambarau kina chumvi ya potasiamu inayoizuia damu isigande kwa kuifunga kalisiamu. Basi mtu akimimina damu ya kichupa hicho katika kingine, majibu yataonyesha potasiamu ya kuogofya na kalisiamu iliyoshuka mno, ilhali mgonjwa hana dhara lolote la namna hiyo. Kutikisa kichupa kwa nguvu nako hupasua chembe nyekundu, zikamwaga potasiamu yake nje.

Lakini taksiri yenye madhara makubwa, katika nchi ya zahanati zilizo mbali, ni kuchelewa. Chembe za damu hazifi zitokapo mwilini. Huendelea kula sukari, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa, na zaidi penye joto. Tuseme mama mmoja wa upande wa Siakago ametolewa damu saa mbili asubuhi akiwa amefunga, na sukari yake ni milimoli 7.4 kila lita, iliyopita mpaka wa 7.0 unaotambulisha kisukari. Kichupa kikingoja pikipiki, kikafika maabara ya mjini saa tano bila chembe kutenganishwa, majibu yatakaribia 6.2, na mama atarudi kwake na ugonjwa usiojulikana. Kichupa cha kijivu chenye floridi husaidia, ila hakisimamishi ulaji huo mara moja. Lililo la hakika zaidi ni kuizungusha damu katika mashine ya kutenganisha ndani ya nusu saa, au kuiweka katika barafu. Na hapo pana hadhari nyingine, kwa kuwa barafu ile ile inayohifadhi sukari huzifanya chembe zivujishe potasiamu.

Mwisho, hata tarakimu iliyo sahihi yaweza kusomwa vibaya. Mji wa Embu umeinuka zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na mwili wa mkaaji wa juu hutengeneza himoglobini zaidi kwa kuwa hewa ni nyepesi. Hivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 huongeza mpaka wa upungufu wa damu kwa gramu 0.8 kila desilita kwa wakaao kati ya mita 1,000 na 1,499. Mwanamke asiye na mimba mwenye 12.3 huhesabiwa mzima Mombasa, na mwenziwe wa Embu mwenye 12.3 hiyo hiyo huhesabiwa kuwa amepungukiwa na damu.

Basi dhamana hii ni ya wengi. Mgonjwa aseme kweli juu ya alichokula na dawa anazotumia. Mtoa damu aandike jina na saa juu ya kichupa mbele ya mwenyewe. Maabara ikatae sampuli iliyoharibika, ijapokuwa kukataa huko kutamlazimu mtu kurudia safari ya kutoka Mbeere. Na tabibu aonapo tarakimu isiyolingana na mgonjwa aliyeketi mbele yake, aagize kipimo kirudiwe kabla ya kuandika dawa.