Ardhi na Darasa

Asafiriye kutoka Bukavu kwenda Kamanyola, mashariki mwa Kongo, kabla hajateremka mteremko wa kutisha wa Ngomo, hupita Nyangezi, katika utawala wa Mwami wa Ngweshe, mahali ambapo misheni na shule za Ndugu Wamarist zimewatolea Washi, wenyeji wa huko, walimu na makarani kwa vizazi kadha wa kadha. Asili ya elimu hiyo ni mkataba: tarehe 26 Mei 1906 serikali ya Kongo ya Mfalme Leopold na Vatikani zilipatana kwamba kila misheni ipewe ardhi, hekta 100 hadi 200, nayo ifungue shule ya watoto wa wenyeji, na mwaka uo huo wamisionari waitwao Mapadri Weupe wakaingia Bushi, nchi ya Washi. Ardhi ndiyo iliyolipia darasa, na wenye ardhi hawakushauriwa.

Washi, angalau, darasa walilipata. Watwa wa msitu wa Kahuzi, upande wa pili wa Bukavu, walipokonywa ardhi wasipate hata hilo. Parki ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970 kwa hekta 60,000, kisha ikapanuliwa mwaka 1975 hata ikafikia 600,000, walitolewa katika maskani yao bila fidia, wakageuka vibarua katika mashamba ya jirani zao.

Kibarua huyo, tangu mishahara ya walimu ilipokatika mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wazazi wakatwikwa mzigo wa prime, yaani malipo yao kwa walimu, angelipa kwa kitu gani? Septemba 2019 shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure. Walakini bure hiyo hainunui shati jeupe wala kaptula ya buluu, haipiki uji wa alfajiri, wala haimwondolei mtoto wa Kitwa madhila ya kukaa peke yake pembeni mwa benchi, wenziwe wakijikunja wasigusane naye. Husemwa kwamba Watwa hawapendi shule. Siyakubali maneno hayo hata kidogo: mtoto aachaye daftari akafuatana na mamaye kulima shamba la mtu hakuikimbia elimu, amefuata chakula cha jioni.

Sheria ya Kongo ya tarehe 15 Julai 2022, ya kulinda haki za watu wa asili kama Watwa, imewaahidi wepesi wa kupata elimu, tiba na haki mahakamani. Fauka ya hayo, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, imeitaka serikali ya Kongo iwarejeshee Watwa wa Kahuzi ardhi yao na kuwaomba radhi. Na kwa maoni yangu, hakuna wizara iliyo na haja kubwa ya kuutekeleza uamuzi huo kuliko wizara ya elimu.