Mtahiniwa wa Kujitegemea na Maandalizi Yake

Katika sharika zetu wapo watu wazima wanaojiandaa kwa mitihani itakayowafungulia mlango wa chuo. Mmoja ni mwinjilisti mwenye cheti cha shule ya Biblia, mwingine ni mama anayefundisha shule ya Jumapili, mwingine ni kijana aliyeacha masomo kwa kukosa ada. Hawavai sare wala hawasikii kengele ya shule. Jina lao rasmi ni watahiniwa wa kujitegemea. Katika makala haya tunakusudia kueleza njia wanayoipita, mahali penye ugumu, na namna mchungaji au mwanafunzi wa theolojia anavyoweza kuwasaidia.

Njia yenyewe

Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania. Mtu ambaye hakupitia shule ya sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa. Akifaulu, huruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Mwenye sifa zinazotakiwa za kidato cha nne aweza kuufanya ule wa kidato cha sita bila kukaa darasani. Kwa kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita, kinachotakiwa kwa kawaida ni daraja kati ya A na E katika masomo mawili yasiyopungua, na jumla ya pointi walau nne. Iko pia njia ya kupitia stashahada. Kila chuo huongeza masharti yake. Kwa hiyo shauri la kwanza kwa mtahiniwa ni kuyapata masharti ya chuo anachokitaka kabla hajachagua masomo. Wako waliofaulu vizuri katika masomo ambayo chuo walichokitamani hakikuyahitaji.

Kusoma tena na tena hakutoshi

Mtahiniwa aliye peke yake huelekea kusoma kwa njia moja tu: hufungua daftari, hulisoma mpaka mwisho, kisha hurudia mwanzo. Maneno yakishamzoea macho, hudhani ameyajua. Hapo ndipo wengi hujikwaa.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea katika saa za mwanzo, kisha mwendo wake hupungua. Aliona pia kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 ya mfululizo. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za kusoma. Baadhi walizisoma mara mbili. Wengine walizisoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na wale wengine 42.

Fundisho la tarakimu hizi ni wazi. Mtihani hauji dakika tano baada ya kusoma. Kwa hiyo mtahiniwa na afunge daftari kila amalizapo sehemu, aandike anachokikumbuka, ndipo alifungue kusahihisha. Sehemu hiyo airudie kesho yake, kisha baada ya juma, kisha baada ya mwezi. Saa moja kila siku kwa miezi sita itamfaa kuliko mikesha ya juma la mwisho, kwa maana mkesha humnyima usingizi, na usingizi ni msaada wa kumbukumbu. Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zisiachwe ziwe mapambo ya mwisho. Zitumike tangu mwanzo, kwa saa ile ile inayoruhusiwa katika chumba cha mtihani.

Lugha na amri za swali

Ugumu wa pili ni lugha. Masomo mengi ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali mwinjilisti wetu huhubiri, hufariji na kusuluhisha kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Anaweza kulijua jambo na kushindwa kuliandika. Dawa yake ni kuandika insha moja kwa juma na kupata mtu wa kuisahihisha.

Tena kila swali lina amri yake. Kueleza si kulinganisha, na kujadili hudai pande zote mbili pamoja na uamuzi. Jambo hili huwapata hasa watumishi wanaochagua somo la dini ya Kikristo wakidhani ni jepesi kwao. Mhubiri hulipeleka andiko kwa wasikilizaji awaonye na kuwatia moyo. Msahihishaji hutafuta hoja, mpangilio na ushahidi. Mahubiri mazuri yaliyoandikwa mahali pa jibu hayatapata alama.

Kazi ya usharika

Kile ambacho shule humpa mwanafunzi ni ratiba, mtu wa kumwuliza maswali, na wenzake wa kusoma nao. Vyote vitatu usharika waweza kuvitoa kwa gharama ndogo. Chumba cha mafundisho ya Kipaimara hukaa kitupu jioni nyingi, kiwashwe taa. Mwalimu mstaafu aombwe saa mbili kwa juma. Watahiniwa watatu au wanne waketi pamoja wakiulizana huku vitabu vimefungwa. Jambo hili si geni kwetu Walutheri: Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 imepangwa kwa maswali na majibu. Mwinjilisti naye apunguziwe zamu katika miezi ya mwisho, kwa kuwa barua ya pongezi haimpi mtu saa za kusoma.

Matokeo na wito

Limebaki jambo zito zaidi. Matokeo yakitoka mabaya, husikika maneno kwamba fulani hakuitwa. Tunaonya dhidi ya usemi huo. Mtihani hupima kile mtu alichoweza kukiandika kwa saa tatu katika masomo yaliyopangwa, na kipimo hicho kina haki yake, maana chuo hakina budi kujua kama mwanafunzi atayamudu masomo. Lakini wito hupimwa kwa njia nyingine na kwa muda mrefu. Mchungaji anayevichanganya viwili hivi humwumiza aliyeshindwa mara mbili: kwanza kama mwanafunzi, kisha kama Mkristo. Vivyo hivyo humdanganya aliyefaulu.

Basi mtahiniwa ajapo kuombewa usiku wa kuamkia mtihani, tumwombee kwa moyo wote, kisha tumpeleke akalale. Lakini heri zaidi tukimwuliza miezi sita kabla: unasoma wapi, kwa saa ngapi, na nani anakuuliza maswali?