Damu ku meno: tusikimbilie kungoa

Bandugu wa mine, wengi wetu tunatema damu asubui tukisukula meno, halafu tunasema ni brosi iko ngumu. Hapana. Ufizi wenye afya hautoki damu ovyo. Ukiwa mwekundu, umevimba, kinywa kinanuka, ugonjwa umeanza, na hapo bado unapona. Kuacha kusukula juu ya damu kunauzidisha: uchafu unabakia pa shina la jino, unakuwa kama jiwe, na brosi haiwezi tena, munganga wa meno ndiye anaukwangua. Ukichelewa, mufupa unaliwa, jino linatikisika, na mufupa ule haurudi. Wavuta tumbako, mujichunge: tumbako inaficha damu.

Tusukule mara mbili kwa siku, na dawa yenye fluori. Aliyetoka posti ya usiku asukule mbele ya kulala, hata kama ni saa mbili asubui. Maji ya chumvi yanatuliza tu.

Lakini ku dispanseri tunangolewa meno, basi. Code du travail ya 2002 inataja matunzo ya meno kati ya yale mwajiri anapashwa kutoa. Kukwangua nako ni matunzo! Muombe barua ya kuenda kwa munganga wa meno. Wakikatala, muletee delege wa sendika tarehe na jina la aliyekatala.